Nani Anafikiri Ndani ya Ukumbi wa Mihadhara?

Mhadhara wa chuo kikuu, yaani mtu mmoja kuzungumza kwa saa nzima mbele ya watu wanaoandika anayoyasema, ulizaliwa katika vyuo vya Ulaya vya zama za kati, kama vile Bologna na Paris, wakati ambapo kila kitabu kilinakiliwa kwa mkono na bei yake ilikuwa kubwa mno kwa mwanafunzi wa kawaida kukimiliki. Mwalimu alisoma kitabu kwa sauti, akakifafanua kifungu kwa kifungu, na wanafunzi wakaondoka na sehemu ya kitabu hicho katika daftari zao; kwa mazingira yale, hiyo ilikuwa njia yenye akili ya kusambaza maarifa yaliyokuwa adimu. Mitambo ya uchapaji ilipoenea Ulaya baada ya katikati ya karne ya 15, sababu hiyo ya msingi ilianza kutoweka, lakini mhadhara haukutoweka nayo. Ulifika Afrika Mashariki pamoja na vyuo vilivyoanza chini ya ulezi wa Chuo Kikuu cha London, ukakita mizizi Makerere, Nairobi na Dar es Salaam, na hadi leo mwanafunzi mwenye simu inayoweza kumfikishia makala za kitaalamu kutoka pande zote za dunia bado anatumia sehemu kubwa ya wiki yake akinakili slaidi zinazosomwa na mhadhiri, ambazo pengine jioni ile ile atazikuta zimedurufiwa katika duka la steshenari nje ya lango la chuo.

Ujifunzaji tendaji ni jina la jumla la mbinu zote za kufundisha zinazomtaka mwanafunzi afanye kazi ya akili ndani ya kipindi chenyewe, kama vile kutabiri, kukokotoa, kulinganisha, kutetea jibu au kulikosoa, badala ya kupokea tu maelezo yaliyokwisha kupikwa na mwalimu. Charles Bonwell na James Eison walilieneza jina hilo katika vyuo vya Marekani kwa kitabu chao cha mwaka 1991, na tangu hapo limebebeshwa mambo mengi, mengine yasiyostahili. Kuwapanga wanafunzi katika makundi ya watu 10, ambamo wawili wanaandika kazi ya kundi na wanane wanaandikisha majina, si ujifunzaji tendaji hata kama mpango wa somo umeuita hivyo. Wala mhadhiri kuuliza mara kwa mara kama wote wameelewa, na kuitikiwa kwa pamoja kuwa wameelewa, hakubadilishi chochote katika vichwa vya wanaoitikia. Kipimo kinachofaa ni kimoja: katika dakika fulani ya kipindi, ni nani anayefanya kazi ngumu ya kufikiri? Katika mhadhara wa kawaida, tena hasa ulio mzuri, kazi hiyo huwa imefanywa na mhadhiri usiku uliotangulia, na wanafunzi huoneshwa matokeo yake.

Fundisho kutoka kwa wanafizikia

Ushahidi uliowafanya wahadhiri wengi waanze kuutilia shaka mhadhara ulitoka ndani ya idara za fizikia, kwa watu waliozoea kupima vitu na wasio na mazoea ya kusoma maandishi ya wataalamu wa elimu. Mwaka 1985 Ibrahim Halloun na David Hestenes, wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, walionesha kwamba wanafunzi huingia katika kozi ya kwanza ya mekanika wakiwa na imani zao wenyewe kuhusu mwendo wa vitu, na kwamba wengi wao hutoka katika kozi wakiwa na imani zile zile. Mwaka 1992 Hestenes na wenzake walichapisha jaribio la maswali yapatayo 30 ya kuchagua jibu, yasiyo na hesabu hata moja, kuhusu dhana ya kani, ambayo katika fizikia ni msukumo au mvuto wa kitu kimoja juu ya kingine. Uzuri wa jaribio hilo umo katika majibu yake yasiyo sahihi, kwa kuwa hayakubuniwa ovyo: yalitokana na yale ambayo watu wa kawaida huyaamini kwa dhati.

Chukua mfano wa lori zito linalogongana uso kwa uso na gari dogo. Kanuni ya tatu ya Newton inasema kwamba kani ambayo lori linalitia gari dogo ni sawa kabisa na kani ambayo gari dogo linalitia lori; kinachotofautiana ni madhara, kwa sababu gari dogo lina uzito mdogo na kasi yake hubadilika ghafla zaidi. Mwanafunzi aliyeikariri kanuni hiyo tangu sekondari, na anayeweza kuiandika bila kukosea herufi, akiulizwa swali hili mara nyingi atajibu kwamba lori ndilo lenye kani kubwa. Kanuni ameihifadhi mahali pamoja na imani yake mahali pengine, na mitihani mingi haijawahi kuzikutanisha.

Eric Mazur alikuwa akifundisha fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard tangu mwaka 1984, na kwa kila kipimo kilichokuwapo alikuwa mwalimu bora, kwa kuwa wanafunzi walimpa alama za juu katika tathmini na walifanya vyema mitihani iliyosheheni hesabu. Aliposoma maandishi ya Halloun na Hestenes alidhani tatizo lilikuwa la vyuo vingine, akawapa wanafunzi wake maswali ya aina hiyo mwaka 1990. Mmoja wao akamwuliza kama ajibu kwa namna alivyofundishwa darasani au kwa namna ambavyo yeye mwenyewe huyawaza mambo hayo, na swali hilo peke yake lilitosha kuonesha ukubwa wa tatizo, hata kabla ya matokeo ambayo hayakumfurahisha. Baadaye Mazur aliweka katika mtihani mmoja maswali mawili kuhusu saketi za umeme, moja la kukokotoa mkondo na volti katika saketi yenye betri mbili, na jingine la kueleza tu balbu zitawaka vipi swichi ikifungwa. Swali la pili, ambalo fundi wa umeme wa mtaani angelijibu bila kalamu, ndilo lililowashinda wengi waliokuwa wamelimudu la kwanza. Walikuwa wamejifunza mapishi ya hesabu bila kujua kinachopikwa.

Dawa aliyoianza mwaka 1991 inajulikana kama ufundishanaji wa rika, na inastahili kuelezwa hatua kwa hatua kwa sababu ndiyo mbinu iliyochunguzwa zaidi na pia ndiyo rahisi zaidi kuhamishwa. Mhadhiri hufafanua dhana moja kwa dakika chache, kisha huweka ubaoni swali lenye majibu ya kuchagua, linalopima uelewa wala si kumbukumbu. Kila mwanafunzi hufikiri peke yake kwa dakika moja au mbili, kimya, na kutoa jibu lake. Waliopata wakiwa zaidi ya asilimia 70 au hivi, mhadhiri hueleza kwa ufupi na kusonga mbele. Wakiwa chini ya asilimia 30, hurudi nyuma na kufundisha upya. Na wakiwa katikati, huwaambia wanafunzi wamtafute jirani mwenye jibu tofauti na wajaribu kumshawishi. Ukumbi huchemka kwa dakika mbili au tatu, wanafunzi hupiga kura tena, na ndipo mhadhiri hueleza. Katika mwaka wa kwanza wa mbinu hiyo pale Harvard, mafanikio katika jaribio la dhana ya kani yalikaribia kuongezeka mara mbili, na uwezo wa wanafunzi wa kukokotoa haukushuka ingawa muda wa kufanyia mifano ubaoni ulikuwa umepungua.

Mtu mwenye shaka anaweza kusema kwamba hapa wanafunzi hodari huwaambia wenzao jibu, nao hulinakili. Swali hilo lilichunguzwa na Michelle Smith na wenzake katika Chuo Kikuu cha Colorado, katika kozi ya jenetiki, kwa utafiti uliochapishwa mwaka 2009. Baada ya majadiliano, kila mwanafunzi aliulizwa swali jingine lililopima dhana ile ile kwa sura tofauti, na akatakiwa kulijibu peke yake. Walioliweza waliongezeka, na uchambuzi wa takwimu ulionesha kwamba kulikuwa na ongezeko hata katika vikundi ambamo hapo mwanzo hapakuwa na aliyejua jibu. Wanafunzi wawili wenye majibu mabovu, wakilazimika kutoa sababu zao, wanaweza kugundua kwamba sababu hizo hazisimami, na ugunduzi huo ndio mwanzo wa elimu yenyewe.

Mwaka 1998 Richard Hake, wa Chuo Kikuu cha Indiana, alikusanya matokeo ya majaribio ya namna hiyo kutoka kozi 62 zenye wanafunzi 6,542. Alitumia kipimo kinachoangalia ni sehemu gani ya yale ambayo mwanafunzi hakuyajua mwanzoni mwa kozi ameyajua mwishoni. Kwa hiyo darasa lililoanza na wastani wa alama 40 kati ya 100 lina pengo la alama 60, na linapimwa kwa kiasi linavyoliziba pengo hilo. Kozi za mihadhara ya kawaida ziliziba wastani wa asilimia 23 ya pengo, na kozi zenye ujifunzaji tendaji asilimia 48. Hii ina maana kwamba darasa la mfano wetu lingepanda hadi alama 54 hivi kwa njia ya kwanza na hadi 69 hivi kwa njia ya pili, na jambo la kushangaza zaidi katika takwimu za Hake ni kwamba zile kozi za mihadhara zilifanana sana, bila kujali chuo au sifa za mhadhiri.

Uchambuzi mpana zaidi ulichapishwa mwaka 2014 na Scott Freeman na wenzake, waliounganisha tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati katika ngazi ya shahada ya kwanza. Wastani wa waliofeli ulikuwa asilimia 33.8 katika kozi za mihadhara na asilimia 21.8 katika kozi tendaji. Msomaji aliyepita katika vyuo vya Tanzania atazielewa tarakimu hizi upesi kuliko maelezo yoyote: katika kozi ya wanafunzi 1,000, tofauti hiyo ni watu 120 ambao wangekuwa wakijiandaa kwa sapu, yaani mitihani ya marudio, au ambao wangedisko, yaani wangeondolewa chuoni kwa kufeli, na kurudi nyumbani kwa wazazi waliouza shamba ili mtoto asome. Ni kweli kwamba nyingi ya tafiti hizo zilifanyika Amerika Kaskazini, katika maktaba, maabara na mishahara ya huko, na haifai kuzihamisha kama zilivyo. Lakini hoja inayozibeba, kwamba akili hujenga uelewa kwa kuutumia, haionekani kuwa na uraia.

Kujua na kuhisi kwamba umejua

Kama ushahidi una nguvu kiasi hicho, kwa nini kumbi nyingi bado ziko kimya? Sehemu ya jibu imo katika utafiti uliofanywa Harvard na Louis Deslauriers na wenzake na kuchapishwa mwaka 2019. Wanafunzi wa fizikia waligawanywa kwa nasibu, nusu wakapata mhadhara uliopangwa vizuri na nusu wakapata kipindi tendaji chenye maudhui yale yale, kisha wakabadilishana katika kipindi kilichofuata. Waliokuwa katika kipindi tendaji walifanya vizuri zaidi katika jaribio, ilhali wao wenyewe walisema wamejifunza kidogo kuliko wale wa mhadhara. Mhadhara mzuri hutiririka, kila hoja inaonekana kufuata ile iliyotangulia, na msikilizaji hutoka akiwa na utulivu wa mtu aliyeelewa. Kazi ya kufikiri kwa upande mwingine huchosha, hukwama, humwonesha mtu ujinga wake mbele ya jirani. Mwanafunzi huchukulia ule ugumu kama dalili kwamba hafundishwi. Chuo kinachowapima wahadhiri wake kwa dodoso la mwisho wa muhula, bila kitu kingine, kinaweza basi kuwaadhibu wale wanaofundisha vizuri zaidi, na mhadhiri anayebadilisha njia hana budi kuwaeleza wanafunzi wake mapema kwa nini anawachosha.

Utafiti mwingine, wa mwaka 2011 katika Chuo Kikuu cha British Columbia nchini Kanada, ulimgusa mhadhiri mahali panapouma zaidi. Deslauriers, Ellen Schelew na Carl Wieman, ambaye alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2001 kabla ya kuhamishia nguvu zake katika ufundishaji, walilinganisha madarasa mawili makubwa kwa muda wa wiki moja. Darasa moja lilifundishwa kwa mihadhara na profesa mzoefu anayependwa na wanafunzi. La pili lilifundishwa kwa njia tendaji na watu wasio na uzoefu wa kufundisha kozi hiyo, ila waliopata mafunzo ya mbinu. Katika jaribio la mwisho wa wiki, la kwanza lilipata wastani wa asilimia 41 na la pili asilimia 74. Wiki moja ni muda mfupi, na wakosoaji walilisema hilo kwa haki, lakini hata ukipunguza tofauti hiyo kwa nusu, bado inabaki kubwa kuliko kile ambacho mhadhiri anaweza kukipata kwa kung'arisha slaidi zake.

Upinzani wenye uzito zaidi umetoka kwa wanasaikolojia. Paul Kirschner, John Sweller na Richard Clark waliandika mwaka 2006 kwamba kumwacha mwanafunzi mchanga agundue mambo mwenyewe bila mwongozo wa kutosha ni kumpotezea muda, kwa sababu kumbukumbu ya kufanyia kazi, yaani ile sehemu ya akili inayoshika mambo machache kwa muda mfupi wakati wa kufikiri, hujaa upesi na kushindwa. Hoja hiyo ni sahihi, na inafaa kusomwa kama onyo kwa wale wanaodhani kwamba mhadhiri tendaji ni mhadhiri anayekaa kimya. Katika ufundishanaji wa rika mwongozo haupungui: swali limechaguliwa kwa makini, muda umebanwa, jibu hutolewa na kufafanuliwa mle mle ndani ya kipindi. Kwa kweli kutunga swali moja zuri la namna hiyo, lenye majibu mabovu yanayovutia, humchukua mhadhiri muda mrefu kuliko kuandaa slaidi 20.

Eldoret, Mlimani na vimbweta

Afrika Mashariki si mgeni wa mambo haya. Kitivo cha Sayansi za Afya cha Chuo Kikuu cha Moi, kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza mjini Eldoret mwaka 1990, kilijengwa tangu siku ya kwanza juu ya ujifunzaji kwa matatizo, mfumo uliobuniwa katika Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada mwishoni mwa miaka ya 1960 na kufuatwa na Maastricht nchini Uholanzi katika muongo uliofuata. Katika mfumo huo wanafunzi hukutana katika kikundi kidogo na mkufunzi, husomewa kisa cha mgonjwa, kwa mfano mtoto mwenye homa na degedege, na kabla ya kufundishwa chochote huorodhesha wanayoyajua, wanayoyashuku na wasiyoyajua. Hugawana maswali, huenda maktaba, kisha hurudi kusomeshana. Moi iliongeza jambo ambalo kwa nchi zetu lina thamani kubwa zaidi, nalo ni kuwapeleka wanafunzi katika vituo vya afya vya vijijini katika miaka mbalimbali ya masomo, ili daktari mtarajiwa ajue kwamba kisa alichosomewa ni cha nyumba isiyo na chandarua na njia isiyopitika wakati wa masika. Makerere, yenye shule ya udaktari iliyotangulia zote katika ukanda huu, iligeukia mfumo kama huo mwaka 2003.

Mfumo huu hata hivyo una gharama ambayo haifichiki. Kikundi cha wanafunzi wanane kinahitaji chumba na mkufunzi wake, na udahili unapopanda huku idadi ya wakufunzi ikibaki pale pale, kikundi cha wanane huwa cha 15, kisha cha 20, na hatimaye huwa mhadhara mdogo wenye jina zuri. Kwa sababu hiyo haitarajiwi kwamba mfumo wa udaktari ndio utakaookoa kozi ya uchumi au ya sheria yenye mamia ya watu.

Kwa kozi hizo mfano ulio karibu zaidi uko nje ya ukumbi. Mtu anayepita jioni katika kampasi ya Mlimani ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hasa mitihani inapokaribia, ataona wanafunzi wamezunguka vimbweta, yaani zile meza na benchi za zege zilizojengwa chini ya miti, wakifanya kile wanachokiita diskasheni. Mmoja anaeleza, wa pili anampinga, wa tatu anafungua madesa, kama yanavyoitwa matini yaliyodurufiwa na kurithishwa kutoka mwaka hadi mwaka, wa nne anaomba irudiwe polepole. Hapo ndipo kazi ya kufikiri inapofanyika. Chuo kimetenga saa zake rasmi, umeme wake na wataalamu wake kwa ajili ya kunakili, na kuiachia kazi ngumu zaidi ya elimu ifanyike gizani, bila mtaalamu yeyote, kwa nguvu ya urafiki.

Jambo hili lina historia pale Mlimani. Mwaka 1967, mwaka ule ule ambao Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea na kutaka elimu ijenge akili yenye kudadisi, wanafunzi wenye mwelekeo wa kimapinduzi, Yoweri Museveni akiwa mwenyekiti wao wa kwanza, waliunda umoja uliokuwa na madarasa yake ya siku za Jumapili, nje kabisa ya ratiba ya chuo, ambako vitabu vilisomwa na kubishaniwa, na ambako Walter Rodney, mhadhiri wa historia, alikuwa miongoni mwa washiriki. Jarida lao, Cheche, lililoanza mwaka 1969, lilichapisha uchambuzi wa Issa Shivji kuhusu matabaka nchini Tanzania ambao unasomwa hadi leo; mwaka 1970 umoja na jarida vikapigwa marufuku. Bila kujali mtu anazionaje siasa zao, ni vigumu kukana kwamba kizazi hicho kilipata sehemu kubwa ya elimu yake siku ambayo hapakuwa na mhadhara.

Lakini kimbweta nacho kisitukuzwe kupita kiasi. Uri Treisman, aliyekuwa akichunguza kufeli kwa wanafunzi weusi katika kozi ya kalkulasi kwenye chuo kikuu cha Berkeley nchini Marekani katika miaka ya 1970, aliona kwamba wengi wao walisoma kwa bidii lakini kila mtu peke yake, ilhali wanafunzi wenye asili ya China walikutana usiku kukagua kazi za wenzao. Hakuishia kuwashauri wakutane. Aliwaandalia warsha zenye maswali magumu kuliko ya kozi, pamoja na msimamizi anayejua somo, na matokeo yao yakapanda sana. Kikundi kisicho na swali gumu wala mtu wa kukisahihisha hujadili kile ambacho mtihani uliopita uliuliza, na kosa la anayezungumza kwa kujiamini huwa kosa la wote. Kinachotakiwa, basi, ni kukiingiza kimbweta ukumbini, ambako swali limechaguliwa na mtaalamu yupo.

Inawezekana kufanya hivyo hata katika ukumbi wenye watu 500 na viti vilivyofungwa sakafuni, kwa sababu jirani hahitaji kuhamishiwa kiti. Vyuo vya Marekani vilinunua vifaa vya kielektroniki vya kupigia kura, lakini Mazur mwenyewe alianza kwa mikono na kadi, na vidole vinavyooneshwa mbele ya kifua, ili jirani asivione na kuiga, humpa mhadhiri picha ya kutosha. Wahadhiri hulalamika kwamba kwa njia hii mtaala hautakwisha, na ni kweli kwamba mada kadhaa zitapungua ukumbini na kuhamia katika usomaji wa kabla ya kipindi. Ila mtaala uliokwisha ni ule ambao wanafunzi wameumaliza, na takwimu za kufeli zinaonesha kwamba huo ni nadra. Kikwazo kikubwa zaidi ni mtihani. Mtihani unaodai ufafanuzi wa istilahi na orodha ya sababu tano utapata wanafunzi waliokariri istilahi na sababu tano, hata kama muhula mzima ulitumika kwa majadiliano, kwa kuwa mwanafunzi hupima uzito wa somo kwa alama zinazotolewa, na katika hilo hakosei. Na mhadhiri mwenyewe hupandishwa cheo kwa machapisho, ambayo huhesabika, kuliko kwa maswali mazuri aliyoyatunga, ambayo hakuna kamati inayoyasoma.

Limebaki suala la lugha, ambalo tafiti za Amerika haziligusi kwa namna inayotufaa. Mwanafunzi wa Tanzania aliyesoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili hukutana na Kiingereza kama lugha ya kufundishia sekondari, na chuoni husikiliza karibu kila kitu kwa lugha hiyo, isipokuwa katika masomo kama yale ya Kiswahili chenyewe, ambayo pale Mlimani hufundishwa kwa Kiswahili. Kunakili hakumhitaji kuielewa lugha hiyo kwa kina. Kumshawishi jirani kunamhitaji. Kwa hiyo mhadhiri akiagiza majadiliano na kusisitiza yafanyike kwa Kiingereza, mara nyingi hupata ukimya, au watatu wale wale waliosoma shule za gharama, na huhitimisha kimakosa kwamba wanafunzi wake hawapendi kujadili, ilhali saa mbili baadaye wako kwenye kimbweta wanabishana kwa Kiswahili kilichochanganyika na istilahi za Kiingereza. Dakika tatu za kumshawishi jirani zinaweza kwenda kwa lugha ambayo akili imeizoea, na jibu la mwisho likaandikwa kwa lugha ya mtihani. Mhadhiri anayepita kati ya viti katika dakika hizo atayasikia makosa ambayo karatasi za mtihani humfichia, kwa kuwa kwenye karatasi yamefunikwa na sentensi za Kiingereza zilizotoka katika slaidi zake mwenyewe.